Mashahidi wa Buganda na Maana ya Neno Shahidi

Katika Kiswahili neno shahidi lina kazi mbili. Barazani, kwa kadhi au kwa hakimu, shahidi ni mtu aliyeona jambo kwa macho yake au kulisikia kwa masikio yake, akaitwa kulisema mbele ya watu. Katika dini, shahidi ni mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Maana zote mbili zimetoka katika Kiarabu, na Uislamu ndio uliolileta neno hilo pwani. Wakristo walilikuta limekwisha kukaa katika lugha, nao wakalitumia. Kiyunani, lugha ya Agano Jipya, nacho kilikuwa na neno moja tu kwa maana hizo mbili. Na Waganda walipotafuta jina la ndugu zao waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886 waliwaita abajulizi, yaani watoao ushahidi. Siku hizi Wakristo wengi wasemao Kiswahili hutumia pia jina jingine, wafia dini. Jina hili ni la wazi, wala halina kosa la sarufi, lakini limeacha nusu ya habari: latazama kifo, wala halitazami neno lililosemwa kabla ya kifo.

Habari za mashahidi wa Buganda zimeandikwa mara nyingi, na watu wa makanisa na wanahistoria wa vyuo vikuu. Linalotakiwa hapa ni jambo moja tu: kuuliza, kwa kulifuata neno lenyewe, watu hawa walishuhudia nini, na mbele ya nani. Jibu lake lagusa serikali za zamani, na lagusa dini zenyewe pia.

Kabaka Mutesa wa Kwanza alitawala Buganda tangu mwaka 1856 hadi Oktoba 1884. Wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika kwa baba yake, Suna, wakitafuta pembe za ndovu, lakini Mutesa ndiye aliyewapokea kwa moyo. Pamoja na nguo na bunduki walileta Kurani, herufi za Kiarabu na lugha ya Kiswahili. Tangu mwaka 1867 Mutesa alifunga Ramadhani, akajenga msikiti, na kwa muda wa miaka kama kumi baraza lake lilikuwa na sura ya Kiislamu. Stanley alipofika mwaka 1875 alikuwa na kijana mmoja, Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misheni ya Unguja. Kijana huyo alibaki Buganda, akawa mwandishi wa mfalme na kumsomea habari za Biblia kwa Kiswahili. Juni 1877 wakaingia wamisionari wa kwanza wa Church Missionary Society kutoka Uingereza. Novemba 1878 akafika Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti. Na Februari 1879 akafika Padre Siméon Lourdel wa Mapadre Weupe wa Kifaransa, ambaye Waganda walimwita Mapera. Walipofika hawakujua Kiganda. Kiswahili ndicho kilichokuwa chombo chao cha kwanza, na Injili alizozitumia Mackay mbele ya Mutesa zilikuwa zile zilizofasiriwa Unguja na Askofu Edward Steere. Ukristo, basi, uliingia Buganda kwa mlango uleule uliopitiwa na Uislamu.

Mlango huo umeacha alama katika Kiganda hata leo. Kitabu kilikuwa ekitabo, dini ikawa eddiini, sala ikawa essaala, malaika akawa malayika. Lakini neno lililo kubwa kuliko yote hayo ni kusoma. Kwa Waganda wa zama za Mutesa, okusoma hakukuwa kutambua herufi tu. Kulikuwa kuingia katika dini, kuhudhuria sala, kukubali mafundisho. Mtu akiulizwa kama anasoma, alikuwa anaulizwa dini yake. Wasomaji, abasomi, walikuwa Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, na wasiosoma walikuwa wale waliobaki na balubaale, miungu ya zamani. Hivyo kitendo kidogo cha kushika karatasi kiligeuka kuwa alama ya mtu na kundi lake.

Ili kuelewa uzito wa alama hiyo yafaa kuikumbuka nyumba ya mfalme jinsi ilivyokuwa. Kila ukoo na kila chifu alipenda kupeleka mtoto wake akalelewe na kutumikia katika jumba la Kabaka. Mamia ya vijana walikaa humo, wakibeba ujumbe, wakilinda milango, wakingoja siku ya kupewa cheo. Kupanda kwao kulitoka kwa Kabaka peke yake, na kushuka kwao pia. Na kwa vile walitengwa na koo zao, hawakuwa na bwana mwingine. Kusoma ndiko kulikowapa bwana mwingine. Kijana aliyejua kusoma aliweza kujificha na wenzake watatu usiku katika kibanda, akasikia amri isiyotoka kwa Kabaka, wala kwa makuhani wa lubaale, wala kwa wazee wa ukoo.

Waislamu ndio waliotangulia kuyaona matokeo yake, na habari yao husahauliwa mara kwa mara na waandishi wa Kikristo. Mwaka 1876 vijana Waislamu wa barazani walimkatalia Mutesa mambo mawili. Walikataa kula nyama ya mchinjaji wake asiyekuwa Mwislamu, na walikataa kusali nyuma ya mtu asiyetahiriwa. Mutesa mwenyewe, aliyependa kusimama mbele katika sala, hakutahiriwa, kwa kuwa mila ya Buganda ilikataza kumwaga damu ya Kabaka. Vijana hao hawakumpinga juu ya vita, wala juu ya kodi, wala juu ya kiti chake. Walimwambia tu kwamba katika jambo hili yeye si mkubwa. Makumi yao waliuawa, wengi kwa moto, na mahali pa moto huo palikuwa Namugongo.

Mambo haya yapasa kuwekwa mbele, kwa sababu yajibu hoja moja yenye nguvu. Wapo wanahistoria waliosema kwamba vijana Wakristo waliouawa miaka kumi baadaye waliuawa kwa siasa, si kwa dini: kwamba machoni pa mfalme walikuwa wapelelezi wa Wazungu, na kwamba mfalme aliona sawasawa, kwani mwaka 1894 Buganda iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Hoja hii haiwezi kutupwa. Mwanga, mwana wa Mutesa, alishika kiti mwaka 1884 akiwa kijana wa miaka kama 16. Mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wamejitwalia Usagara na nchi za jirani, na habari hizo zilifika barazani kwa vinywa vya watu wa pwani. Tena yalikuwako maneno ya zamani kwamba atakayeimeza Buganda atatoka mashariki. Askofu James Hannington alipokuja kwa njia ya Busoga, mashariki hasa, Mwanga aliagiza auawe, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa. Hofu ya mfalme haikuwa ndoto. Hata hivyo, mwaka 1876 hapakuwa na misheni ya Wazungu Buganda, na bado ugomvi ulikuwa uleule, na mahali pa moto pakawa palepale. Chanzo, basi, kilikuwa ndani zaidi ya hofu ya wageni. Ilikuwa swali kama amri ya Kabaka ina mpaka.

Lugha yenyewe ililifanya swali hilo kuwa kali zaidi ilipotoka katika Kiswahili kwenda katika Kiganda. Katika Kiswahili mfalme aweza kuwa wa nchi yoyote: kuna mfalme wa Ufaransa na mfalme wa Wagogo, na hakuna anayeona wivu akisikia juu ya ufalme wa Mungu. Kabaka ni jina la mtu mmoja. Wafasiri walipotaka kutaja ufalme wa mbinguni kwa Kiganda hawakuwa na neno bora kuliko obwakabaka, na obwakabaka ulikuwa na mwenyewe, amekaa kitini. Vijana waliokuwa wakiomba kwa Kiswahili juu ya ufalme ujao walikuwa wakitamka jambo la dini. Walipoomba hayohayo kwa Kiganda, walikuwa wakitaja Kabaka wa pili. Hakuna haja ya kudhani kwamba Mwanga alikaa akichambua maneno. Yatosha kwamba watu wake wote walisikia neno moja likitumika kwa mabwana wawili.

Wa kwanza kuuawa katika Wakristo walikuwa wadogo. Tarehe 31 Januari 1885 Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, wanafunzi wa misheni ya Kiingereza, waliuawa kwa panga na moto huko Busega. Kisha ikafika zamu ya mtu mkubwa. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, alikuwa mkuu wa watumishi wa nyumba ya mfalme na mtu aliyeaminiwa sana. Hannington alipouawa, Balikuddembe alimwonya Mwanga kwamba haikufaa kumwua mtu bila kumsikiliza. Tarehe 15 Novemba 1885 yeye naye aliuawa. Husimuliwa kwamba alimwachia mwuaji wake ujumbe wa kumpelekea mfalme: kwamba amemhukumu bila haki, kwamba yeye amemsamehe, lakini asipotubu watakutana mbele ya baraza la Mungu, na huko yeye atamshitaki. Maneno hayo ni ya mtu wa barazani. Hayakatai cheo cha mfalme, ila yaikata rufani kesi yake kwenye baraza lililo juu zaidi. Hapa maana mbili za neno shahidi, ile ya mahakama na ile ya dini, zinakutana katika mtu mmoja.

Mwezi Mei wa mwaka 1886 hasira ikawaka. Mwanga alirudi Munyonyo kutoka kuwinda viboko asiwakute vijana wake. Akaambiwa kwamba wako kusoma. Hapana budi kutaja pia jambo ambalo mapokeo ya makanisa yote mawili yanalishuhudia: mfalme aliwataka vijana kwa tamaa za mwili, na waliofundishwa dini walimkatalia, huku Karoli Lwanga, mkuu wao baada ya Balikuddembe, akiwaficha wadogo. Hapo tena palikuwa na mpaka, safari hii mpaka wa mwili wa mtu. Usiku ule Lwanga aliwabatiza wale ambao walikuwa bado, mmoja wao Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Asubuhi ya tarehe 26 Mei waliitwa mbele ya Kabaka, na wanaosoma wakaamriwa kusimama upande mmoja. Walisimama. Hukumu yote ilikuwa hiyo: hawakuulizwa walilofanya, waliulizwa tu wao ni nani, nao wakasema.

Wengine waliuawa njiani. Waliobaki walifungwa juma zima Namugongo wakati kuni zikikusanywa, na tarehe 3 Juni 1886, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, wakachomwa, Wakatoliki na Waprotestanti katika moto mmoja. Majina yaliyohifadhiwa ya waliokufa kati ya mwaka 1885 na mwanzo wa mwaka 1887 ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Katika orodha hiyo wamo watoto, lakini wamo pia Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa mfalme, na Matia Mulumba, mtu mzima mwenye cheo katika Singo. Hao hawakuwa waasi. Hawakushika silaha, na wengi wao hawakukimbia ingawa nafasi ya kukimbia ilikuwapo. Walimtumikia Kabaka katika kila jambo ila moja. Ushahidi wao ulikuwa juu ya jambo hilo moja: kwamba serikali yaweza kumdai mtu mali yake, nguvu zake na hata uhai wake, lakini iko sehemu ya mtu isiyokuwa mali ya serikali.

Kama habari ingekomea hapo, ingekuwa rahisi kuihubiri. Haikukoma. Mnamo Septemba 1888 Mwanga alifanya shauri la kuwapeleka wasomaji wa dini zote katika kisiwa cha ziwa na kuwaacha wafe huko. Nao, Waislamu na Wakristo pamoja, wakaungana wakamwondoa kitini. Umoja huo haukumaliza miezi miwili. Oktoba Waislamu waliwafukuza Wakristo mjini. Kiwewa, Kabaka mpya, alipokataa kutahiriwa, akawekwa Kalema mahali pake. Wakristo walikimbilia Nkore, wakajipanga, wakarudi na bunduki, na kufikia mwanzo wa mwaka 1890 walikuwa wamemrudisha Mwanga yuleyule aliyewachoma ndugu zao. Apolo Kagwa, aliyepigwa na kunusurika mwaka 1886, akawa Katikiro. Vyeo vya nchi viligawanywa kwa dini. Makundi yakapata majina, na majina hayo yatosha kuonyesha yaliyotokea: Wakatoliki waliitwa Wafaransa, Waprotestanti wakaitwa Waingereza, na wale waliokataa dini zote za kigeni wakaitwa Abafutabangi, neno lililotoka katika Kiswahili, wavuta bangi. Mwaka 1885 kusoma kulikuwa jambo la dhamiri; mwaka 1891 kulikuwa jambo la mashamba.

Ugomvi mmoja mkubwa wa miaka hiyo wastahili kukumbukwa kuliko vita vyake. Uliulizwa hivi: chifu akibadili dini, je, apoteze cheo chake na ardhi yake? Walikuwako waliojibu kwamba lazima apoteze. Miaka minne au mitano tu baada ya Namugongo, watu waliojiita warithi wa mashahidi walikuwa tayari kumwadhibu mtu kwa sababu amesimama upande wa pili alipoulizwa yeye ni nani. Tarehe 24 Januari 1892 Wakristo walipigana wao kwa wao juu ya kilima cha Mengo. Kapteni Lugard akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki ya Maxim, na Wakatoliki wakakimbilia visiwani na Buddu. Mwanga mwenyewe aliasi mwaka 1897, akakamatwa mwaka 1899, na mwaka 1903 akafa uhamishoni Shelisheli, amebatizwa kwa jina la Danieli. Mfalme aliyewaua wasomaji alikufa msomaji, na baadhi ya wasomaji waliojifunza kutawala walitawala kama yeye.

Haiwezekani kusoma mambo haya bila kukumbuka yaliyofuata katika Uganda huru. Septemba 1972 Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, Mkatoliki, alikamatwa na askari katika jengo la Mahakama Kuu, asionekane tena hai. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda, pamoja na maaskofu wenzake, alimwandikia Idi Amin barua ya kulalamika juu ya askari kuipekua nyumba yake na juu ya watu waliokuwa wakiuawa ovyo. Tarehe 16 ya mwezi huo viongozi wa dini waliitwa Kampala mbele ya mkutano wa askari, silaha zikaonyeshwa, mashitaka yakasomwa. Wengine waliruhusiwa kwenda, Luwum alizuiwa. Serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya motokaa. Watu wa kijiji chake cha Mucwini, walioletewa maiti, waliona majeraha ya risasi. Kiswahili, kilichokuwa lugha ya kitabu katika jumba la Mutesa, wakati ule kilisikika masikioni mwa watu wengi wa Uganda kama lugha ya askari. Neno shahidi lilikuwa limebaki lilelile. Kosa la Luwum lilikuwa barua, na barua ni ushahidi ulioandikwa.

Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na katika hotuba yake aliwakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya taifa la Uganda, na tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari nayo ni sikukuu kwa kumbukumbu ya Luwum. Mahujaji hutembea kwa miguu hadi Namugongo, wengine kutoka Kenya na Tanzania, na wakuu wa serikali hukaa viti vya mbele. Si vibaya serikali kuwaheshimu mashahidi. Lakini yafaa wote wakumbuke, walio mbele na walio nyuma, kwamba shahidi haitwi barazani ili apigiwe makofi. Aitwa ili asikilizwe, na maneno yake yaweza kumwelemea yeyote aliyekaa pale.

Tena kadhi wa zamani alijua kwamba shahidi asemaye nusu hawezi kutegemewa. Ushahidi wa Namugongo una sehemu tatu, na kila dini ina tamaa ya kuchukua sehemu yake na kuziacha nyingine: Waislamu wa mwaka 1876, Wakristo wa mwaka 1886, na wale waliosalimika, ambao kufikia mwaka 1892 walikuwa wamejifunza kutumia kiti. Zikisikilizwa zote pamoja, zasema jambo moja. Hatari haikuwa katika dini ya mfalme wala katika ukosefu wake wa dini, bali katika kutaka kwake kumiliki jibu la mtu aulizwapo yeye ni nani. Wafia dini walikufa mara moja, na habari yao yaweza kufungwa kitabuni. Mashahidi wangali wanasema.